Sauti ya Apollinaire na Ng'ombe wa Honorable

Tajiri mmoja wa ng'ambo alipotangaza kwamba atapeleka watu kuishi kwenye sayari ya Mars, mimi nilikuwa uani kwetu Kashuga, huku Masisi, nachambua maharage. Redio ilikuwa juu ya kinu. Nikasema, "Kwanza apite njia ya Pinga kwa pikipiki wakati wa mvua. Akifika na meno yote, tutamruhusu aende huko Mars." Mume wangu Apollinaire alicheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake aliyasema maneno yaleyale kwenye kipindi chake cha redio, na soko zima likacheka.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Yeye alikuwa na sauti, mimi nilikuwa na mdomo. Sauti yake ilikuwa nzito, ya taratibu, na kabla ya kutoa utani alikohoa kidogo, watu wakajua sasa linakuja. Wanasayansi walipogundua kwamba tembo huitana kwa majina, alisema tembo nao wamegundua kwamba wanasayansi hulipwa mshahara. Waliposema kahawa inarefusha maisha, alisema basi wakulima wa kahawa wa kwetu tungewakuta bado wanamkumbuka Nuhu. Wakubwa waliposaini mkataba mwingine wa amani, alisema karatasi sasa zinatosha, watuletee na amani yenyewe ili tuifunge humo kama karanga. Na kuhusu zile simu mpya zinazomtambua mwenyewe kwa uso, alisema ajabu ni kwamba madini yake yanatoka kwetu lakini sura zetu hazizijui. Yote hayo yalitoka kinywani mwangu, maharage yakiwa mapajani. Sikuwahi kutaka jina langu litajwe. Kusikia soko likicheka kulinitosha.

Yupo mtu mmoja ambaye hakucheka. Anaitwa Raphaël, na watu humwita Honorable, yaani Mheshimiwa, ingawa hakuna uchaguzi wowote uliowahi kumchagua. Alipewa cheo hicho na tumbo lake na jeep yake. Anakaa Goma, na ng'ombe wake wako Nyamitaba. Miaka mitatu iliyopita alituletea mradi wa kuuza hewa. Ndiyo, hewa. Alieleza kwamba miti itapandwa juu ya kilima chetu, itavuta moshi wa viwanda vya Ulaya, na Wazungu watalipa kwa kila pumzi ya mti. Sisi wakulima tutashuka kilimani tusiisumbue miti ikivuta. Nani atapokea malipo? Kampuni. Kampuni ni ya nani? Hapo Honorable alikunywa maji.

Jioni ile nilimwambia Apollinaire, "Yaani wao ndio wamejamba, halafu sisi ndio tunakatazwa maharage." Alikohoa redioni, akasema. Lo! Kuanzia siku ile, jeep ya Raphaël ikipita Kashuga, hata mabibi vizee walikuwa wakipiga mlio mbaya kwa midomo. Mradi ukafa. Raphaël hakusahau.

Mwaka jana Apollinaire alishindwa na ugonjwa wa ini. Wiki zake za mwisho hakuweza kusema hata neno. Alikuwa akinishika mkono na kuufinya, mara moja kwa maji, mara mbili kwa kugeuzwa. Nilimzika penye mteremko wa juu, karibu na shamba letu, na nikadhani maadui zake nao wamemwacha apumzike.

Nilikuwa sokoni nanunua chumvi niliposikia mume wangu akizungumza.

Chumvi iliniponyoka. Spika kubwa ilikuwa imefungwa juu ya jeep ya Raphaël, na Apollinaire alikuwa ndani yake, sauti nzito ileile, kikohozi kilekile. "Ndugu zangu wa Kashuga," alisema, "kabla sijafa nimetubu. Nilimtukana Honorable Raphaël kwa wivu. Mradi wa miti ni mzuri. Siku ya mkutano nyosheni mikono, mshuke kilimani, mpate maendeleo." Kikohozi kingine, halafu hakuna utani. Nilisimama nikiusubiri utani kama mpumbavu. Haukuja. Hapo nilijua si yeye, hata kabla ya kufikiri, maana mume wangu hakuwahi kukohoa bure.

Wenzangu hawakujua. Mama mmoja tunayepakana naye mashamba alinitazama akasema, akituita kwa jina la binti yetu kama desturi, "Kumbe Papa Adelaïde alikulaka makuta ya Raphaël, Mama Adelaïde? Na sisi tulikuwa tunamulilia!" Nikamwambia ni uongo, hakula pesa ya mtu, alikufa hana sauti. Akanijibu, "Mjane eko na uchungu, atasema kila kitu." Baada ya siku chache nilikuta msalaba wa kaburi umepakwa mavi ya ng'ombe. Nilikwenda mtoni mara mbili kuchota maji ya kuuosha. Hakuna aliyenisaidia kubeba.

Nilimfuata Raphaël mwenyewe. Alikuwa amefikia kwenye nyumba ya wageni, ameketi barazani anakula jibini kwa kisu kidogo, mpwa wake Élysée pembeni na kompyuta.

"Honorable," nikasema, "bwana yangu alikufa. Umuache."

Alitafuna kwanza. "Mama, juu ya nini unakasirika? Redio iko na ma-émissions, vipindi yake yote. Huyu Élysée alilisha machine ile sauti, na machine ikaongea. Njo science hiyo. Bantu banalipa franga mingi kufufuliwa bwana yabo, weye tumekufufulia bure."

"Nitaambia bantu."

"Ambia. Weye uko nani?" Akacheka, akaniwekea kipande cha jibini ukingoni mwa meza. "Kula, mama. Halafu siku ya réunion unyoshe mukono kama bwana yako alivyosema."

Sikula. Nilirudi nyumbani na hasira, si huzuni. Watu husema mjane hulia. Mimi nilitaka yule mtu adhalilishwe mbele ya watu wote waliocheka naye na waliomwogopa, nilitaka nione uso wake ukibadilika, na nilitaka iwe kwa kitu kilekile alichonitendea. Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo, nikalima nalo.

Ndipo nikaenda kwa Kavira. Kavira ni Mnande wa Butembo, Mkatoliki asiyekosa misa, ana duka la kuchaji simu na lori la kusafirisha maharage. Kilima kikifungwa, lori lake litabeba nini, hewa? Kwa hiyo sikuhitaji kumlilia. Nilimuuliza tu kama machine ya Élysée inauzwa.

"Haiuzwe," akasema. "Iko ndani ya simu. Hata mimi niko nayo. Binti ya dada yangu kule Butembo alinitumia, banachezaka nayo kuigiza sauti ya Padri." Akafanya ishara ya msalaba haraka. "Unataka ya nani?"

"Ya Raphaël."

Kavira aliweka chini kikombe chake cha chai. Taratibu akaanza kutabasamu, na nikajua tumefika mahali pamoja.

Hapa inabidi nieleze jinsi matajiri wa ng'ombe wanavyofanya kazi kwetu. Mwenye ng'ombe anakaa Goma kwenye kiti. Mchungaji anakaa malishoni, hajui kusoma, na kule hakuna mtandao. Basi tajiri anatuma amri zake kwa sauti kwenye simu ya duka, mwenye duka anaipitisha kwenye simu ya mbeba jibini, na huyo akifika malishoni kuchukua jibini anamsikilizisha mchungaji. Chinja huyu, uza yule, hamisha wale. Amri za Raphaël kwa mchungaji wake mkuu, Dusabimana, zilipitia miaka yote kwenye duka la Kavira. Kavira alikuwa nazo zote. Tulikuwa na sauti ya Raphaël ya kutosha kuilisha machine mpaka ivimbiwe.

Mara ya kwanza ilitoka ikisema Kiswahili cha watangazaji wa mpira wa Tanzania, tukacheka hadi Kavira akafunga mlango. Tukairudia. Mara ya tatu Raphaël alitoka mzima, na ile pua yake iliyoziba. Mimi ndiye niliyetunga maneno. Nani mwingine? Nilikuwa nimetunga maneno ya mwanamume mmoja kwa miaka ishirini, huyu wa pili hakunishinda.

Sauti ilisema: "Dusabimana, mwaramutse. Habari ya Valérie na batoto, beko bazima? Na ile kikohozi ya mudogo ilipona? Sikia, siku ya réunion ulete ngombe za maziwa Kashuga. Kila famille yenye kulima ku kilima uipatie moja. Unywe nabo kasiksi, bantu bajue Raphaël haiko muchoyo. Usiningojee. Nitafika nyuma."

Mbeba jibini aliondoka nayo asubuhi iliyofuata, bila kujua amebeba nini.

Sasa, mgeni anaweza kusema, kumpa mtu ng'ombe ni jambo la kawaida, ukikosea unarudisha. Labda kwao. Kwetu huku Masisi, ng'ombe aliyetolewa mbele ya watu ni kitu kingine. Mtoaji anashika kamba, anasema jina la anayempa. Anayepewa anapiga makofi, anataja rangi ya ng'ombe kwa sauti, kisha wote wawili wanakunywa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, kutoka chungu kimoja. Baada ya hapo kumrudisha ng'ombe ni kama kumrudisha mtoto tumboni. Watu wamepigana kwa sababu ya viwanja na wakapatana, lakini aliyenyang'anya ng'ombe aliyekwisha kunywewa, hata wajukuu wake wanatajwa.

Siku ya mkutano viti vya plastiki vilipangwa uwanjani, kimoja kirefu cha Honorable. Spika iliwahi mapema, Élysée akaanza kuwapigia watu sauti ya mume wangu. "Ndugu zangu wa Kashuga, kabla sijafa nimetubu…" Wazee wa kilima waliinamisha vichwa. Raphaël hakuwepo bado. Wakubwa huchelewa ili waonekane, na mvua ya jana yake ilikuwa imeamua kumchelewesha zaidi kwenye matope.

Kwanza tulisikia kengele. Halafu kundi likatokea kwenye bonde, majike ya maziwa, meupe na mekundu na yale yenye madoa, na Dusabimana mbele na fimbo begani. Alikuja mpaka katikati ya viti. Hakumtazama mtu. Alimwita mzee wa kwanza kwa jina, akamkabidhi kamba.

Mzee aliogopa. "Mwenye aliamuru ni nani?"

"Patron," Dusabimana akasema, akatoa simu aliyoazimwa na mbeba jibini, akamsikilizisha ile sauti.

Élysée aliruka kama aliyekaa juu ya siafu. "Mungojee! Mungojee kwanza, nipige simu!" Alikimbia huku na huku akiinua mkono kutafuta mtandao. Ule mtandao wa kwetu ambao kila mwaka waziri fulani anauzindua kwa utepe. Siku hiyo niliushukuru kwa ubovu wake wote.

Mzee alipiga makofi, akataja: "Mwekundu wa paji jeupe!" Akanywa. Wa pili akapiga makofi. Wa tatu. Kavira alikuwa ameleta vyungu vya kutosha, akasema ni mchango wa duka. Mama yule wa mpakani mwangu alipata ng'ombe mweusi, akacheza. Nami nilipata, kwa sababu mimi pia nalima kilimani. Nilinywa na Dusabimana kutoka chungu kimoja na sikupepesa macho.

Kamba ya mwisho ilikuwa inakabidhiwa jeep ilipoingia. Raphaël alishuka na suruali imejaa matope, akitabasamu, kwa sababu aliona watu wanacheza na alidhani ni kwa ajili ya miti. Kisha akawatambua ng'ombe wake.

Ule uso. Ule uso niliouomba. Uliondokwa na rangi kuanzia paji kushuka chini, mdomo ukabaki wazi, na nilikuwa karibu vya kutosha kuona fizi zake. Nilifurahi. Sitasema nilimhurumia, nitakuwa nadanganya.

"Dusabimana! Nani alikutuma?"

"Weye, patron." Dusabimana aliishika simu mbele ya kipaza sauti cha Élysée, na uwanja mzima ukamsikia Honorable akiuliza habari za batoto na kugawa ng'ombe zake.

"Haiko mimi!" Raphaël alipiga kelele. "Hiyo iko machine! Bantu wa kijicho balitengeneza sauti yangu na machine!"

Nilisimama. Sasa mdomo ulikuwa wangu. "Honorable, samahani. Sisi hatukusoma. Machine inaweza kabisa kutengeneza sauti ya muntu?"

"Inaweza!"

"Mpaka bantu bake badanganyike?"

"Hata mutoto anaweza kuifanya! Ni kitu ya dakika mbili!"

"Na kama muntu alikufa? Inaweza?"

Élysée alimvuta mkono wa shati. Alichelewa. Raphaël alikuwa akiwatazama ng'ombe wake, si mimi, na mtu anayetazama ng'ombe zake zikiondoka hana akili ya kitu kingine. "Inaweza! Alikufa, hakukufa, machine haijali!"

Wazee waliinua vichwa. Hata ng'ombe, nadhani. Nilimwona akisikia alichokisema. Nilimwona akitafuta mlango wa kutokea na hakuna mlango.

Katekista alisimama, mtu mpole asiyependa ugomvi. "Honorable," akasema, "utuchagulie. Kama sauti ya simu iko ya kweli, ulitupatia ngombe. Kama iko ya machine, basi Papa Apollinaire hakutubu."

Alichagua ng'ombe. Mbele ya watu wote alisema sauti zote mbili ni za machine, ya kwake na ya mume wangu, na kwamba ile ya mume wangu mpwa wake aliitengeneza akijifundisha tu. Alisema hivyo akinyosha mkono kupokea kamba ya kwanza. Mzee wa mwekundu wa paji jeupe aliificha kamba nyuma ya mgongo.

"Hii tumekwisha kuinywa," mzee akasema. "Mwenye alitupatia ni Dusabimana, na mikono yake, si machine. Na weye ulitutaka tutoke ku kilima yetu juu ya maneno ya machine. Uende ukaidai machine."

Yule mama wa mpakani mwangu ndiye aliyeanza mlio wa midomo. Halafu uwanja wote. Jeep iliondoka ikisindikizwa na mlio huo mpaka kwenye kona ya shule, na watoto waliikimbiza zaidi ya hapo. Hakuna aliyenyosha mkono kwa ajili ya miti. Jioni kundi la wanawake lilipanda kwenye kaburi na ndoo za maji, ingawa nilikuwa nimekwisha kuosha msalaba. Niliwaacha waoshe tena. Walistahili kuchoka.

Dusabimana nilimkuta kwa Kavira akinywa chai. Nilimuonea aibu, maana kazi yake ilikuwa imekwisha, nikaanza kumwambia kwamba kuna jambo anapaswa kulijua.

"Mama Adelaïde, acha," akasema. "Nilijua siku ileile. Miaka yote yenye nilimuchungia, patron hajaniuliza hata siku moja habari ya bibi yangu. Hajui kama niko na bibi. Ile sauti ikanisalimia, ikauliza na kikohozi ya mutoto. Nikasema, hapana, huyu haiko patron, huyu ni muntu."

Mimi na Kavira tulitazamana. Bibi yake ni mteja wa duka, kikohozi cha mtoto tulikijua, basi hatukuwa tumefikiria. Ungemwagizaje mtu kazi bila kumsalimia?

"Sasa juu ya nini ulileta ngombe?" Kavira akamuuliza.

Dusabimana alikoroga chai yake, ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka zamani. "Aliniomba muzuri," akasema. Siku hizi anachunga ng'ombe walewale, kwa niaba ya kilima, na kila nyumba inampa maziwa.

Binti yangu Adelaïde aliolewa Pinga. Habari ilimfikia, akaja kwa pikipiki, matope mpaka masikioni, nimsimulie kutoka mwanzo. Nilimsimulia mara mbili. Alicheka kicheko cha baba yake, akishika mbavu, nami moyo ulinijaa nikataka kumpa zawadi. Nilikuwa na sauti moja ya Apollinaire kwenye simu yangu ambayo haikuwa ya redio. Alinitumia mvua ilipomshika njiani, kabla hajaugua. Nilimfungulia. "Mama Adelaïde, nimechelewa, matope imenishika huku. Usinimalizie viazi, mimi nakujua." Kikohozi, halafu anacheka.

Nilikuwa namtazama mwanangu nikingoja atabasamu. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuza simu akaitazama mgongoni.

"Mama," akasema taratibu, "hii njo ya kweli? Ao mulitengeneza na Mama Kavira?"

Nilimtukana. Mwanangu wa kumzaa, nilimtukana maneno ambayo sijawahi kumwambia hata mbuzi. Akalia, akaomba msamaha, akasema anaamini. Lakini nilizaa yule mtoto, namjua anapoamini na anapotaka tu mama anyamaze. Alipoondoka niliifungua peke yangu ili nijitulize. Na nikajikuta nasikiliza kile kikohozi, kama kimewahi mno, kama kicheko kimekatwa mahali, natafuta kasoro katika sauti ya mume wangu ambayo niliipokea mwenyewe siku ile viazi vikiwa jikoni.

Raphaël hakuonekana tena Kashuga, na kilima kina maharage mpaka juu. Ukiniuliza leo, ningemfanyia tena vilevile, na ningeongeza mbuzi. Ile sauti ya viazi sijaifungua tena.